Maji Yaliyosimama

Wiki iliyopita mtoto wa jirani aliangusha chupa ya mafuta ya taa kwenye ngazi zetu, na harufu ikapanda mpaka chumbani kwangu. Mama yake alimwaga majivu, akasugua kwa sabuni, kisha akapita mlango kwa mlango akiomba radhi. Nilimwambia asijali. Alipoondoka nilikaa kitandani mpaka adhuhuri, nikimfikiria bibi yangu.

Watu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa harufu hiyo. Kila nyumba ya mtaa wetu wa Mlandege, Unguja mjini, ilikuwa na chupa yake nyuma ya mlango wa jikoni, imezibwa kwa kitambaa, ya kutilia kandili na stovu. Sisi tukikaa kwenye nyumba ya mawe iliyoachwa na babu, mimi, mdogo wangu Saidi na bibi, mamake baba. Baba alikufa Saidi bado ananyonya. Mama alipomaliza mambo yake ya eda na mwaka ukapita, aliposwa na mtu wa kijiji cha Chwaka, akaolewa, akahamia huko. Sisi tukabaki kwa bibi kwa sababu ya skuli. Chwaka wakati ule skuli iliyokuwapo ilikuwa ya wavulana, na baba alikuwa ameacha usia kwamba mimi nisome.

Bibi alikuwa mshonaji kofia. Alikuwa mwembamba, hacheki ovyo, na hakujua kusoma isipokuwa msahafu. Fahari ya nyumba yake ilikuwa birika la maji msalani. Si birika la chai. Ni lile la kujengewa kwa mawe na chokaa, lenye kuta nene, lililonifika kifuani. Babu alilijenga kwa mikono yake. Maji tukichota mferejini, kwenye bomba la mtaa, kwa ndoo, tukijaza birika, na ndani yake yalikuwa baridi hata jua likiwaka vipi. Mgeni akija nyumbani na ukafika wakati wa sala, bibi alimwambia, "Karibu utie udhu, maji yapo," kama mtu anayemkaribisha mwenzake chakula.

Saidi alikufa kwa homa, wakati wa masika, akiwa na miaka mitano. Ilikuwa homa ya kuja na kuondoka. Asubuhi alicheza, mchana akitetemeka chini ya mablanketi mawili. Bibi alimpa dawa za miti, kisha akambeba mwenyewe mgongoni mpaka hospitali. Siku ya nne alirudi peke yake. Watu wazima walisema ni siku zake zimefika. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikubali, kwa kuwa hakuna aliyenipa maelezo mengine.

Maelezo mengine niliyapata skuli, karibu mwaka mmoja baadaye.

Skuli yetu ya wasichana ilikuwa ndani ya Mji Mkongwe, mwendo wa dakika chache kupita Darajani. Asubuhi tukisimama mstari, mwalimu akikagua kucha na mitandio, kisha tukiingia darasani ambako kulinuka chaki, wino na mafuta ya nazi kwenye nywele zetu. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa Mwalimu Nasra, msichana wa miaka ishirini na kidogo, mwenye sauti ndogo ambayo ilitulazimisha tunyamaze ili tumsikie. Alipenda kutuletea vitu. Alituletea mbegu za kunde tuzioteshe kwenye pamba, akatuletea kiwavi kwenye jani la mlimau. Halafu siku moja alileta chupa ya jamu iliyojaa maji, akaifunga kwa kitambaa cha chandarua na kuiweka dirishani.

Ndani ya maji mlikuwa na viluwiluwi. Tulikuwa tumeviona maisha yetu yote na hatukujua ni nini. Tulidhani ni uchafu wa maji unaocheza. Mwalimu alitwambia tuviangalie kila asubuhi, tuchore tunachokiona. Siku za mwanzo vilikuwa vidogo kama vipande vya uzi mweusi. Vikakua. Kisha baadhi vikapinda mgongo, vikawa na kichwa kikubwa, kama alama ya mkato kwenye kitabu cha kusomea. Asubuhi moja, mimi na wenzangu watatu tukiwa tumeegemeza vichwa dirishani, mkato mmoja ukapasuka mgongoni. Akatoka mbu. Alitoka taratibu, miguu kwanza imekunjana, akasimama juu ya ganda lake mwenyewe linaloelea, akangoja mbawa zikauke.

"Mwalimu, katoka!" nilipiga kelele.

Mwalimu Nasra alikuja mbio, naye akaangalia mpaka mwisho. Kisha akachora duara ubaoni: yai, kiluwiluwi, mkato, mbu, na mshale kutoka kwa mbu kurudi kwenye yai. "Halina mwanzo wala mwisho," alisema. "Ukitaka kulikata, likate hapa," akaweka chaki kwenye kiluwiluwi. Akatueleza kwamba mbu ndiye anayeleta homa ya kutetemeka, kwamba huzaa kwenye maji yaliyosimama, na kwamba mabwana afya humimina mafuta ya taa kidogo juu ya maji hayo, kiluwiluwi akakosa pumzi, akafa.

Maji yaliyosimama. Neno hilo nilitoka nalo skuli, nikalifikiria njia nzima. Nilikuwa najua maji yanatembea, maana niliyaona kwenye mitaro mvua ikinyesha. Lakini yanasimama vipi? Madimbwi ya barabarani hayakuwa yamesimama. Yalikuwa yamelala, hilo lilionekana wazi. Nilifika nyumbani, nikaingia msalani kunawa miguu, na mbele yangu yalikuwapo maji yaliyonifika kifuani, wima baina ya kuta zake. Niliinama juu ya birika. Vilikuwamo, vingi, vinaning'inia chini ya uso wa maji. Nilipotikisa mkono vilizama vyote, kisha vikapanda tena kimoja kimoja.

Nikamkumbuka Saidi anavyotetemeka.

Siku iliyofuata sikwenda skuli. Ilikuwa siku ya hitima ya Saidi, kisomo cha kutimiza mwaka tangu afe, na bibi alinihitaji nyumbani. Mama alikuwa ameshafika tangu jioni, ana mimba kubwa, na macho yamevimba. Asubuhi wanawake walikuwa jikoni wakichambua mchele, na mimi nilikuwa nnatumwa huku na huku: lete sahani, peleka udi, kaazime sinia. Baina ya kutumwa na kutumwa nilichukua chupa nyuma ya mlango wa jikoni, nikaificha chini ya kanga, nikaenda msalani na kumimina. Mwalimu alikuwa amesema kidogo. Mimi nilimimina yote, kwa sababu birika lilikuwa kubwa na viluwiluwi vilikuwa vingi. Mafuta yalitanda juu ya maji, yakatoa rangi za samawati na zambarau. Nilisimama pale nikaona vinapanda, vinahangaika, vinazama. Nakumbuka vizuri nilivyojisikia. Nilijisikia nimemfanyia Saidi jambo.

Wanaume walipoanza kuja, wa kwanza kwenda kutia udhu alikuwa Mzee Kombo, jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa aongoze kisomo. Alitoka msalani na mikono yake imeinuliwa mbali na kanzu, inang'ara.

"Bi Mwanakheri," alimwita bibi kwa adabu. "Maji haya yana mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya taa. Njoo unuse mwenyewe."

Bibi aliingia, akatoka. Uso wake sikuwahi kuuona vile. Watu walipelekwa nyumba ya Mzee Kombo kutia udhu, mmoja mmoja, nao wakipita kimya kama wanaomfichia mtu aibu yake. Kisomo kikasomwa, chakula kikaliwa, na bibi hakusema neno mpaka mwanamume wa mwisho alipotoka. Hapo akasimama katikati ya ukumbi mbele ya mama na wanawake wa jamaa.

"Nani katia mafuta kwenye birika langu?"

"Mimi, bibi."

"Wewe? Rukia? Kwa nini, mwanangu? Nimekukosea nini?"

Laiti ningeangalia chini tu. Lakini nilikuwa na jibu la skuli, na nilikuwa nikifundishwa kujibu kwa sauti, sentensi nzima. "Bibi, maji yako yanazaa mbu, na mbu ndiye anayeleta homa. Maji hayo ndiyo yaliyomuua Saidi."

Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja alisema "Astaghfirullahi," akaziba mdomo. Bibi alikaa chini palepale, kwenye mkeka, kama mtu aliyechoka ghafla. Mama yangu alimgeukia.

"Ndivyo, mama?" alimuuliza. "Ni kweli alivyofundishwa mtoto?"

"Mie sijui," bibi alisema.

"Nilikuachia wawili."

"Naam. Uliniachia wawili."

"Huyu nnakwenda naye. Sikuachii huyu. Kesho kutwa nnarudi Chwaka, nakwenda naye."

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nilidhani nikiwapa watu ukweli watanishukuru. Nililia, nikasema sitaki, nataka skuli, na mama akaniambia skuli hiyo hiyo ndiyo iliyomwonyesha kilichomuua Saidi. Bibi hakunitetea wala hakujitetea. Aliinuka, akavua kanga ya juu, akaingia msalani na ndoo, akaanza kulimwaga birika. Alikataa kusaidiwa. Mpaka magharibi tulisikia maji yanamwagwa na kata inakwaruza chokaa.

Asubuhi aliniamsha mwenyewe. Alikuwa ameshanipigia pasi gauni.

"Vaa, uende skuli."

"Mama kasema..."

"Kesho ndiyo safari. Leo ni leo. Nenda kamuulize mwalimu wako. Mwambie maji ya birika, nyumba ya mawe, na vidudu ulivyoviona. Umwambie yote, usimwambie nusu. Muulize kama ndiyo yaliyomuua yule mtoto."

"Na akisema ndiyo?"

Alinifunga mtandio chini ya kidevu, akaukaza. "Akisema ndiyo, uje uniambie ndiyo. Kama ni maji yangu, nataka nijue."

Nilimwambia Mwalimu Nasra yote, nimesimama mbele ya meza yake wenzangu wakiwa nje kwenye mapumziko. Alisikiliza bila ya kunikatiza. Nilipofika mahali pa kumimina chupa nzima alifumba macho. Nilipofika niliyomwambia bibi, aliweka kalamu chini.

"Rukia, jana hukuja."

"Sikuja, mwalimu."

"Jana ndipo tuliposoma aina za mbu. Kosa ni langu. Ningeyasema yote siku moja. Nyumbani mna chombo kingine cha maji, ambacho hukutia mafuta?"

"Mna pipa la uani."

"Basi nenda kasome. Jioni nitakuja."

Alikuja baada ya alasiri, amevaa buibui, na mkononi kikapu chenye chupa mbili. Alimwamkia bibi shikamoo, akamwamkia mama, akakaa mkekani ingawa aliletewa kiti. Kwanza aliniomba nichote maji ya pipa la uani niyatie kwenye chupa moja. Ya pili ilikuja na maji ndani yake. Aliyachota, alisema, kwenye dimbwi la mvua kando ya uwanja. Akaziweka chupa zote mbili kwenye mwanga wa mlango.

"Bibi, hebu tazama hawa wa kwako. Wamekaaje?"

Bibi aliinamisha uso mpaka pua ikagusa kioo. "Wananing'inia. Kichwa chini."

"Rukia kasema wa birikani walikaa hivyo hivyo. Na hawa wa dimbwini?"

Bibi alihamishia uso kwenye chupa ya pili. Mama naye alisogea, akapiga magoti kwa tabu na mimba yake. "Hawa hawaning'inii," bibi alisema. "Wamelala. Wamelala juu ya maji kama vijiti."

"Hao waliolala ndio wa homa," alisema Mwalimu Nasra. "Wao wanapenda dimbwi la mvua, liwe wazi, lipigwe na jua. Ndani ya msala wenye giza, kwenye birika la mawe, hawakai. Hawa wa kwako ni mbu wabaya pia, hao ndio wanaoleta matende, na birika ulifunike na ulisafishe. Lakini homa ya mtoto haikutoka ndani ya birika lako. Mimi ndiye niliyemfundisha Rukia nusu, naomba radhi."

Bibi hakusema alhamdulillahi wala hakulia. Aliendelea kuangalia chupa ya dimbwini.

"Sasa aliipata wapi?"

"Hilo siwezi kukwambia, bibi. Mbu mmoja tu anatosha."

"Akishauma, inachukua siku ngapi mpaka homa ije?"

"Si siku hiyo hiyo. Siku kumi, kumi na mbili. Pengine wiki mbili."

Bibi alikuwa amekaa na mkono mmoja juu ya goti, chini ya upindo wa kanga. Nilikuwa ubavuni kwake, nikaona kidole gumba kinagusa vidole vingine, kimoja baada ya kimoja, kinarudi, kinaanza tena. Nilielewa anachokihesabu, na mimi nikahesabu kichwani. Masika yale Saidi alikuwa amepelekwa Chwaka kwa mama, akakaa huko siku nane. Aliporudi hakuacha kuhadithia nyumba mpya ya mama inayokandikwa, na mashimo walimochimba udongo nyuma ya nyumba, yamejaa maji ya mvua, na yeye na watoto wengine wanaelesha vifuu vya nazi humo kutwa. Alirudi siku ya Jumatatu. Homa ilimshika Ijumaa, si ya wiki ile, ya wiki iliyofuata. Siku kumi na moja.

Kidole gumba cha bibi kikasimama. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu, na safari hii lilikuwa sahihi, hesabu yake imekamilika. Bibi alinishika kifundo cha mkono kabla sijatoa sauti, akanikaza sana.

"Rukia. Mwalimu hajapewa hata kahawa. Inuka."

"Bibi..."

"Inuka, mwanangu."

Niliinuka. Niliporudi na deli la kahawa na vikombe, walikuwa wanazungumza mambo ya skuli. Mama alikuwa bado amepiga magoti mbele ya zile chupa, ameziangalia. Baadaye, mwalimu alipokwisha kuondoka, mama aliomba radhi. Alimshika bibi mkono akaubusu, akasema maneno yale yalimtoka kwa uchungu. Bibi akamjibu kwamba uchungu ni wao wote wawili. Kesho yake mama alirudi Chwaka peke yake. Alipokuwa anaingia garini bibi alimwambia jambo moja tu: "Mwambie mumeo ayafukie yale mashimo kabla hujajifungua. Mtoto asije akaanguka." Nilisimama pembeni nikasikia, nikajua si kuanguka anakoogopa.

Mashimo yalifukiwa. Mama alijifungua mtoto wa kike, akakua, yu hai mpaka leo. Mimi niliendelea na skuli, darasa baada ya darasa, na mwishowe nikawa mwalimu, nikafundisha mbu na mvua na mbegu za kunde miaka thalathini na zaidi. Sikuwahi kufundisha somo hilo la mbu kwa siku mbili. Kama kengele ilipigwa kabla sijafika kwenye aina zake, niliwazuia watoto mpaka nimalize, na waliokuwa hawakuja niliwatafuta kesho yake. Wenzangu walidhani ni ukali.

Bibi alikufa mimi nikiwa chuo cha ualimu. Hatukuwahi kuizungumza ile hesabu yake. Sijui hata kama ni kweli. Mjini pia mvua zile kulikuwa na madimbwi kila pembe, na Saidi hakuwa mtoto wa kukaa ndani. Mwalimu Nasra alisema haiwezekani kujua, na sasa ninapojua zaidi, naona alisema sawa. Lakini bibi aliamini anajua, na akanyamaza, huku jamaa wengine waliokuwapo kwenye hitima wakiendelea kwa miaka kusema birika la Mwanakheri lilimuua mjukuu wake. Alilifunika kwa ubao, akalisugua kila wiki, na watu wakaona huo ndio ushahidi wenyewe.

Mama alikuja kukaa kwangu uzeeni, macho yamekwisha lakini akili timamu. Siku moja nilikuwa nnamchana nywele uani, nikamwambia kwamba kitu ninachokijutia kuliko vyote maishani ni sentensi ile niliyoisema mbele ya watu.

"Ulikuwa mtoto," alisema.

"Bibi hakunikasirikia hata siku moja. Sijui kwa nini."

Aliinamisha kichwa nipate kumchana kisogo. Kisha akasema, "Bibi yako alihesabu siku, chini ya kanga. Alidhani simwoni."

Chanuo lilinisimama mkononi.

"Mama, ulijua?"

"Kwani mie nilikuwa sijui kuhesabu, Rukia? Mashimo yalikuwa nyuma ya nyumba yangu."

"Na hukusema kitu?"

"Nilimngoja yeye aseme. Nilisema moyoni, atasema sasa hivi, mbele ya mwalimu, ajivue lawama, na ni haki yake. Nikangoja. Akakutuma kahawa." Alipapasa nyuma mpaka akaupata mkono wangu. "Hapo nikajua mtoto wangu aliyebaki yuko kwa mtu. Ndiyo maana nikakuacha kwake."